Tambi za Pilipili Nilizompikia Somoe

Likombe, Mtwara

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje? Usinijibu "tunashukuru" halafu ukanyamaza, mimi nauliza goti. Na kuku je, kideri kimeisha? Sisi hatujambo, joto tu ndilo linatuchemsha. Mume wangu yuko safarini na lori la saruji. Ningepiga simu, lakini wewe ukishika simu unapiga kelele kama unaniita ng'ambo ya bonde, kisha unakata nikiwa bado nasalimia. Kwa hiyo kaa chini, mdogo wangu Ramla akusomee polepole. Asiruke mahali.

Habari yenyewe ni ya Somoe, binti wa mume wangu. Nilikueleza kwamba tangu niolewe mtoto hali chakula changu. Ananiamkia vizuri, anafagia uwanja, adabu tele. Chakula, hapana. Jioni bibi yake, aliyemzaa marehemu mama yake, anaita kutoka nyumba ya pili, "Somoee! Njoo ule!" na mtoto huyo, mbio. Mimi nabaki na sufuria langu. Huku mtoto ni wa upande wa mama, ndivyo walivyo tangu zamani, na bibi hakunificha. "Binti, sina ugomvi na wewe," alisema. "Lakini shule zikifungwa narudi shambani kwangu Mahurunga. Mtoto asiyekula kwako sitamwacha kwako." 

Nikajaribu mlenda. Mama, aliutazama mlenda wetu kama umemtukana! Baba yake akaninong'oneza kwamba mtoto anapenda tambi. Nikafurahi, maana tambi nazijua, nilizipika sana nilipokuwa jikoni kwenye ile hoteli ya Dodoma: nyanya, kitunguu saumu, pilipili, na krimu ya kutosha. Nikapika kwa mbwembwe. Somoe akasogea mkekani mwenyewe, akajaza mdomo, akatoa macho, akakimbilia mtungini. Kumbe huku ukisema tambi ni za sukari, tui la nazi na iliki! Marehemu mama yake alikuwa akizipika mwezi wa Ramadhani, na mimi nimezitia pilipili kichaa. Majirani hawakuniacha. "Wewe Mnyaturu, kesho utatia vitunguu kwenye chai?" Nilicheka nao, kisha nikaingia ndani nikalia. Nililia kweli, mama. Niliona kama mtoto ameshachukuliwa Mahurunga.

Nikaacha kumbembeleza. Juzi nikazipika tena zile zile, safari hii kwa ajili yangu, maana nilikuwa na hamu nazo. Nyanya za kukuna zikaiva mpaka mafuta yakapanda juu. Nikamimina krimu, jirani akanisemesha dirishani, nikageuka kidogo tu. Ikakatika. Mabonge huku, maji kule. Nikasema, "Yarabi, hata tumbo langu mwenyewe nashindwa kulipikia?"

Nikasikia kicheko mlangoni. Somoe.

"Umeacha kukoroga," akasema. "Hata tui lingekatika."

"Haya mwalimu, nifanyeje?"

"Bibi hatii hiyo. Bibi anatia korosho."

Akaenda mwenyewe kuchukua korosho nyeupe, akaziloweka kwenye maji ya moto, akakaa na kinu kidogo. Anatwanga huyo! Anadondosha maji kidogo kidogo, mpaka ikawa rojo laini kuliko krimu yoyote ya dukani. Mimi nikaanza nyanya upya. Tukakoroga kwa zamu. "Pilipili basi, usiongeze," akaniamuru, akaonja kwa ncha ya kidole, akaonja tena, na tena.

Nikamwambia, "Hizi si tambi za mama yako. Za mama yako mimi sizijui. Siku ukitaka, utanifundisha."

Akakoroga mara mbili tatu. Halafu akasema, "Mama alikuwa anatia na zabibu." Hajawahi kumtaja mbele yangu hata siku moja. Nikasema nitanunua zabibu.

Ndiyo kwanza tumekaa kula, sauti ikaja. "Somoee! Njoo ule!" Nikarudisha tonge langu kwenye sinia. Mtoto akameza kwanza, kisha akajibu kwa sauti yote, "Bibi, nakula hapa!"

Mara bibi huyo, kanga kiunoni, amesimama mlangoni. Akalitazama sinia, akachovya kidole, akaguna. "Tambi na pilipili! Makubwa haya. Korosho katwanga nani?"

"Mimi," Somoe akasema.

Bibi akavua kandambili, akakaa. "Basi nipakulieni na mimi."

Habari ya Mahurunga hakuitaja. Lakini leo asubuhi ameniita kwenye ua, akasema viatu vya shule vya Somoe vimeanza kumbana, nimtafutie vingine kabla ya muhula ujao, yeye atakuwa shambani hatakuwa na nafasi. Mama, nilirudi ndani nikakaa kitandani nikicheka peke yangu kama mwehu. Mtoto anabaki!

Sasa nisalimie shangazi, mwambie alizeti yake naikumbuka kila nikikaanga kitu. Nisalimie mjomba mfuga nyuki na mkewe, na bibi mkunga aliyetupokea sote duniani. Ramla, na wewe salamu zako hizi, acha kujifanya hujaziona.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo, lakini Somoe amekaa ubavuni kwangu anachungulia karatasi. Ameuliza naandikia nani. Nikamwambia, mama yangu.

"Yupo?"

"Yupo. Singida."

Kisha akaniambia niandike kama anavyosema, nisibadilishe: "Shikamoo bibi. Mimi ni Somoe, mjukuu wako wa Mtwara."

Mwanao akupendaye,
Salma