Nilichomtafsiria Shangazi

Bibi yangu wa Butiama,

Shikamoo. Huku Musoma jua kali, lakini ziwa limepanda mpaka kwenye jiko la shangazi. Juzi tulikaanga sato tukiwa tumesimama majini.

Jana walikuja wataalamu wa mpango wa kuukinga mji na mafuriko. Mgeni wao anajua Kiingereza tu, na mkalimani alichelewa. Majirani wakanisukuma mbele: "Si unasoma ingilishi midiamu wewe? Tafsiri!" Unanijua na aibu zangu, Bibi. Mgeni alisema ukuta wa kuzuia maji utajengwa kule juu barabarani, nyumba za chini kama hii ya Shangazi zitaachiwa ziwa. Shangazi alikuwa ananiangalia usoni. Nikasema, "Ukuta unakuja, tuvumilie."

Walipiga makofi. Shangazi akacheka: "Nilikuwaga nawaambia, huyu mtoto atatusaidia!"

Leo anapiga plasta jiko upya, na mimi ndiye namchanganyia saruji. Kila nikitaka kumwambia ukweli, ananipa ndoo nyingine.

Mungu akupunguzie maumivu ya magoti, nakupenda sana. Tafadhali toa magunia kwenye chumba cha nyuma, ukifagie. Usimwambie Shangazi bado kuwa ni chake.

Mjukuu wako,
Neema