Tangazo la Tarehe 31 Juni

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani, wewe na watoto, na zikukute mgongo umepungua kuuma. Mimi mwili ni mzima, ila roho iko juu juu. Tangu jana nimekupigia simu mara tisa hupokei, na sikulaumu. Msimu uliopita mimi ndiye niliyekwambia subiri bei ipande, ukasubiri, vitunguu vikachipua ghalani, ukaapa kwamba ushauri wa simu uishie hukohuko kwenye simu. Haya, leo naandika kwa mkono. Wifi yupo nje kwenye benchi na yale magunia matupu uliyomtuma kununua, basi lake linaondoka saa nane, na sasa ni saa saba kasoro robo. Nakuomba kitu kimoja tu. Kesho asubuhi lori la Tajiri wa Mizani likifika kununua vitunguu, usipakie hata gunia moja kabla hujaisoma barua hii mpaka mwisho.

Umezoea kunicheka kwamba nilisoma miaka yote ile nikaishia kucheza gemu na watu wazima. Cheka, lakini nisikilize. Hapa chuoni nafundisha biashara ya mazao, na kwa ubao peke yake walikuwa wanasinzia. Sasa nina kompyuta kumi na mbili, mbili mbovu, na wanafunzi nawagawa: hawa wakulima, hawa madalali, wale wasafirishaji, wale wanunuzi wa ng'ambo ya mpaka. Wiki nzima ya soko inakwisha kwa dakika kumi. Kila kundi linaamua kuuza au kuweka ghalani, na kompyuta inapandisha au kushusha bei kulingana na walivyoamua. Kazi yangu ni kuwaletea balaa: mvua, daraja kukatika, mafuta kupanda. Wanaelewa kwa sababu wanaumia. Kuna jitu zima lenye ndevu lilinuna siku mbili kwa ajili ya vitunguu ambavyo havipo duniani!

Jumatatu somo lilikuwa hofu. Niliandika tangazo kwamba mpaka unafungwa, vitunguu haviruhusiwi kuvuka hadi itakapotangazwa vinginevyo. Nilitaka liwaingie, kwa hiyo nikaliremba: nembo, muhuri, namba ya jalada, sahihi ya kukorogakoroga. Nikalibandika mlangoni. Kundi la wakulima likauza kila kitu palepale, bei ikaanguka chini ya nusu, madalali wakazoa. Wiki iliyofuata ya mchezo nikawaambia mpaka haukufungwa hata siku moja, ulikuwa uvumi, na bei ikarudi ilipokuwa. Nilifurahi nikapiga makofi. Kijana mmoja, ambaye wenzake wanamwita Dalali kwa sababu hataki kucheza upande mwingine, akaomba alipige picha akajisomee. Nikamwambia piga tu.

Kaka, hilo ndilo tangazo lililomo kwenye simu yako. Najua utasema huyu naye kaanza, basi lifungue sasa hivi utazame tarehe. Limeandikwa mpaka unafungwa kuanzia tarehe 31 Juni. Tangu tuzaliwe Juni ina siku thelathini. Aliyetengeneza gemu letu aliipa kila mwezi siku thelathini na moja ili asijisumbue, na mimi nikanakili kutoka kwenye kioo cha kompyuta bila kufikiri. Nimembana Dalali, akakiri kwamba alimtumia mjomba wake picha ile kwa kujionyesha tu. Mjomba wake ni Tajiri wa Mizani. Kama mjomba aliamini au la, sijui. Lakini jiulize mwenyewe: mtu anayeamini mpaka umefungwa analeta lori la nini?

Sasa lililobaki ndilo zito, na nimelizunguka karatasi mbili nzima. Jumatano asubuhi Wifi alinitumia picha hiyo akauliza kama ni kweli. Nililijua tangazo langu kabla sijalifungua vizuri. Siku hiyo wakaguzi walikuwa chumbani, wamekuja kuamua kama mchezo uendelee, Mkuu wa Chuo anatabasamu kila pembe, na mkataba wangu unakwisha mwezi huu. Nikamjibu: sijui, ngojeni tusikie. Maneno matatu. Nikajipa moyo kwamba nitaeleza wakaguzi wakishaondoka. Walipoondoka nikasema kesho.

Leo, pale kwenye benchi, Wifi amenisimulia huku anacheka kwamba Mama Mdogo alikuwa amekataa katakata kuuza mpaka jibu langu lifike. Lilipofika akasema, kama mtoto niliyemsomesha mwenyewe hajui, basi mambo yameharibika. Mchana uleule akampa Tajiri magunia yake yote thelathini na mawili, kwa nusu ya bei. Mama Mdogo, kaka! Aliyetulea sote wawili, aliyeuza shamba la bondeni ili mimi nikae darasani. Wifi anacheka ukaidi wa bibi kizee, na mimi nikaingia ndani kutafuta kalamu. Hajui anachokubebea.

Asubuhi hii nimemweleza Mkuu wa Chuo. Amefunga chumba cha kompyuta na kuniambia nitulie, ataandika barua rasmi wiki ijayo. Nimemjibu kwamba lori halingoji wiki ijayo. Ndani ya bahasha utakuta tangazo lenyewe lililokuwa mlangoni, alama za gundi bado zipo, na nyuma nimeandika kwa mkono wangu kwamba ni la darasani. Wasomee watu wote pale kwenye mizani. Usiseme ni kosa la kompyuta, taja mimi. Sikwambii usubiri, safari hii sithubutu. Ukitaka kuuza uza, lakini isiwe kwa hofu niliyoipika mimi. Kama bei itapanda, sijui, na hii ni sijui ya kweli.

Nilikuwa nimeandika kukuomba usisome mbele ya Mama Mdogo, nije Jumapili nimwambie mwenyewe. Nimeichana karatasi hiyo. Nitakuja Jumapili, ila kesho msomee naye asikie, kwa sababu kukaa kwangu kimya ndiko kulikomponza. Akiuliza kama siku ile nilikuwa najua, mwambie nilikuwa najua.

Wabusu watoto, umpe pole Wifi kwa mzigo. Anagonga dirisha, saa nane inakaribia.

Ni mimi mdogo wako,
Mwalimu wa gemu