Utani wangu kwenye kikao cha wazazi

Shoga yangu Mashavu, uko macho? Leo nimeharibu, tena mbele za watu.

Natoka kikao cha wazazi hapa Kilole, shuleni kwa mjukuu wangu Shamsia. Mwalimu katangaza kuwa fizikia sasa ni ya wavulana tu, ati wasichana kwa maumbile haiwaingii.

Shamsia, niliyekaa naye, akasimama. "Mwalimu, hilo mmelipima vipi?"

Mwalimu akafoka, "Swali hilo haliulizwi hapa!"

Nikaona mtoto atachapwa. Nikaleta utani wetu wa bibi na mjukuu, kama tupo nyumbani: "Kaa chini, mke mwenzangu, fizikia haisongi ugali!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikajiona fundi!

Mwalimu akadakia, "Mmesikia, wazazi? Bibi yake mwenyewe kasema." Palepale akamhamishia Shamsia kwenye historia.

Bibi yake mwenyewe kasema! Mimi, shoga! Nikapiga kelele kwamba natania. Wakazidi kucheka.

Njiani nimemwambia kesho twende kwa mwalimu mkuu, akaulize tena.

Kanijibu taratibu, "Nikaulize nini, bibi? Mwalimu hakuwa na jibu. Wewe ndiye uliyempa."