Safu ya Ukoo

Jumapili, 4 Juni 1978

Hapa chuoni Haifa ni joto. Mezani fomu za wanasiasa wa Israeli, za kitabu chetu cha utafiti: Wayahudi kushoto, Waarabu kulia. Baba alifanya kazi gani, shule gani, chama gani. Mimi napiga taipu, Nazih, mwanafunzi wetu Mwarabu, anahesabu. Kaleta biskuti za tende za mama yake kutoka kijijini kwao Sakhnin. Nimekula saba. Nampenda kama mwanangu, ingawa ananitania kutwa nzima.

Jumatatu, 5 Juni

Nazih kauliza: mbona fomu za Waarabu zina safu ya "ukoo", za Wayahudi hazina? Nikamwambia sisi Wayahudi hatuna koo, tuna vyama. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Bi Tirtza, wewe hapa uliingizwa na chama au na mjomba?"

Nikarudi kwenye taipu. Mjomba.

Jumatano, 7 Juni

Leo tumepitia fomu za Wayahudi. Nawajua wote — nani kaoa dada wa nani, nani walikulia shamba moja la ushirika. Nataja, Nazih anachora mistari. Kati ya tisini, sitini na mmoja ni ndugu au wakwe! Upande wake, kina baba ni wakulima waliopoteza mashamba wakaishia kubeba zege. Upande wetu, kina baba walikuwa na maduka Warsaw, Ulaya, na watoto wao, wanasiasa hawa, wamejiandika "mwana wa mkulima". Tukacheka. Halafu hatukucheka tena.

Profesa Amitzur, mkuu wetu, kakataa kuwawekea Wayahudi safu ya ukoo. Eti huko ni kufahamiana tu, si ukoo. Nazih, kwa upole: basi na safu ya kwetu ifutwe, la sivyo jina langu lisiwemo kitabuni. Miaka mitatu ya jasho lake, na shahada yake imo humo humo! Imeniuma sana.

Alhamisi, 8 Juni

Kitabu kinakwenda kwa mchapaji leo. Nazih anafungasha vitu vyake kwenye boksi. Sikuvumilia. Nikamwekea Profesa ule mchoro mbele yake, kidole kwenye fomu ya thelathini na nane: baba mkwe wake.

Kautazama weee. "Kazi hii alinitafutia kabla sijamwoa bintiye."

"Baada," nikasema. "Barua yake ya kukuombea kazi niliichapa mimi."

Kashika kichwa, mzee wangu wa watu. Kisha kamwita Nazih.

Naandika haya dawatini. Nazih kasimama mlangoni, boksi mikononi. Mtu wa mchapaji kafika, kaambiwa asubiri. Profesa yuko kwenye simu na mkewe: "Mpenzi, yule mume wa dada yako — mama yake ni binti wa nani vile?" Mke anataja majina, hamalizi. Nazih kaweka boksi chini, kaniomba kalamu achore mistari.