Taa Ulizopima na Kyalo

Nau, baba yangu,

Mvua imenyesha vizuri tangu tulipokuzika. Mbaazi za shamba la juu zimefika kiunoni, Mama ameanza kula tena chakula cha jioni, na kibanda chako cha kutengeneza baiskeli hapa sokoni Mukuyuni bado kiko wazi. Nakifungua mimi. Nimetanguliza mazuri kwa sababu mengine si mazuri. Nina wivu, Baba. Nilikuwa nao ukiwa hai, nikadhani ukienda utaenda nao.

Ni huyu Kyalo.

Mimi ni mtoto wako wa pekee. Nilijua kuziba pancha kabla sijajua kusonga ugali. Halafu akaja yeye, mtu mzima, rika langu, aliyekuwa akibeba mitungi ya maji kwa baiskeli. Alikuja kubadilisha tairi akabaki miaka minne. Na zilipoanza kufika hizi taa ndogo za LED za bei nafuu, ulimwita nani mzipime? Mimi nilikuwa papo hapo, napaka mnyororo mafuta.

Mlijifungia ndani ya stoo, taa imewashwa, kitabu cha nyimbo kimetundikwa ukutani. Hatua tatu nyuma. Kila nusu saa mnaangalia kama maandishi bado yanasomeka. "Taa yoyote ni nzuri dakika kumi za kwanza," ulimwambia. Mimi hukuniambia. Neno hilo nililisikia kupitia mabati. Baadaye mlikuwa mnaimwagia jagi la maji, mnaifunga kwenye usukani, Kyalo anashuka nayo ile njia ya mawe ya kwenda mtoni, kuona kama raba ya kuifungia itashika. Nyingi zilishindwa. Zilizopita mlizitundika mlangoni, mnazitazama kama watu waliovuna pamoja.

Kisha hospitali. Siku kumi na moja nilikuosha, nikakugeuza, nikakubembeleza ukae unywe uji ukakataa. Alhamisi ukafungua macho ukasema, "Mwikali, mwambie Kyalo aje na zile taa mpya." Akaja na tatu ndani ya mfuko. Na ukakaa, Baba. Kwa ajili yake ulikaa. Mkaziwasha chini ya blanketi kama watoto, mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Mimi nilisimama nje kwenye korido na kikombe cha uji mpaka ukaganda juu. Jumapili ukaenda. Mazungumzo yako marefu ya mwisho hapa duniani yalikuwa juu ya taa za baiskeli, na hayakuwa na mimi.

Wiki moja baada ya mazishi nikamwambia, "Kyalo, nitaendelea peke yangu." Hakubishana. "Sawa, Mwikali." Alichukua spana zake mwenyewe, akaweka meza kando ya posho mill, kile kinu cha kusaga unga, ng'ambo ya soko. Watu wakamfuata huko kwa taa. Nilikuwa nawasikia wakipita: "Hii Kyalo ameipima."

Basi nami nikaagiza zangu. Nilichagua ile ambayo boksi lake lilijisifu zaidi. Niliiwasha mlangoni jioni watu wakiwa wengi, ikamulika ukuta wa kanisa mpaka ng'ambo, wakasema eh, hiyo ni kali. Niliuza saba. Sikuipima. Kupima nilijua, ningeweza kufanya kila kitu mlichofanya nimefumba macho. Lakini niliona kwamba nikiingia kwenye ile stoo na kile kitabu, ningekuwa naingia kwenye kitu chenu.

Musembi wa maziwa alichukua moja. Unamjua, huwa anaondoka saa kumi na nusu alfajiri na mikebe miwili nyuma. Siku ya tatu, akishuka pale barabara inapokata mto wa mchanga, taa ikaanza kufifia kama mtu anayesinzia. Hakuona mtaro uliochimbwa na mvua. Alivunjika mfupa wa bega. Maziwa yote yalimwagika.

Mkewe, Syombua, ndiye aliyeniletea ile taa. Hakupiga kelele. Aliiweka mezani akabonyeza swichi. "Angalia, Mwikali. Sasa inawaka."

Nilifunga kibanda. Nikaichaji mpaka ikajaa, nikaingia stoo, nikatundika kitabu, nikarudi hatua tatu, nikakaa chini peke yangu. Nusu saa, nilisoma beti zote. Dakika kumi tena, nikawa naona namba ya wimbo tu. Halafu hata namba sikuiona.

Nikavuka soko. Nilimwambia Kyalo, "Nimemuumiza Musembi." Aliifungua ile taa kwa bisibisi. Ndani ya ganda lote lile, betri ilikuwa kama punje ya hindi. "Mzee angeitupa hii," akasema, na hata wakati huo, Baba, hata nikiwa na aibu ile, nilichukia kwamba yeye ndiye anayejua ungefanya nini.

Nikamuuliza lile nililokuwa nalo kifuani. Siku ile hospitalini, ulisema lolote juu yangu? Kyalo hajui kudanganya. Alifikiri, akasema, "Hapana. Taa tu. Nadhani alifurahi kwa sababu sikumuuliza kama amemeza dawa."

Nililia nikirudi. Mimi ndiye niliyekuwa nakuuliza kila siku. Lakini lazima mtu angeuliza.

Zile taa sita nilizifuata nyumba kwa nyumba nikazirudisha. Mbili zilikuwa juu milimani, na asubuhi ya kuzifuata nilimkuta Kyalo barabarani na baiskeli yake, ananingoja, sikuwa nimemwambia. Maziwa ya Musembi tunayapeleka kwa zamu, mimi na yeye, mpaka bega lipone. Syombua ameanza kunisalimia tena kanisani. Na Jumamosi Kyalo huja kibandani tunapima zile mpya. Anasoma kwa sauti, mimi naandika dakika.

Usidhani wivu umeisha. Akisema tu "Mzee alikuwa anasema," nageukia spana nianze kuzipanga upya, kwa sababu ana maneno yako ambayo mimi sina. Nimeanza kumwomba anipe, moja moja. Haninyimi.

Lala salama, Nau. Nakuahidi hakuna taa itakayotoka mikononi mwangu kabla sijaendesha baiskeli nayo mwenyewe gizani mpaka nijue mwisho wake. Na Kyalo nitamsimulia ya nyumbani, ambayo yeye hakuyaona: ulivyokuwa unaimba ukichambua pojo, ulivyoogopa kuku wa Mama. Nitamsimulia, lakini si yote. Mengine yatabaki yangu.

Mwanao,
Mwikali