Meno ya Mama

Dada yangu mpenzi,

Huku tu wazima, ila baba siku hizi anasahau hata alikovulia viatu. Paa tumeliziba, halivuji tena.

Ulinicheka niliposema nanyoosha meno utu uzima huu. Basi, yamenyooka! Navaa vile vifuniko vya plastiki angavu, huwezi hata kuviona, na daktari wa meno ameniruhusu kutia humo humo tone la dawa ya kung'arisha. Maji baridi yananitia ganzi, lakini ukiniona utasema si mimi.

Baba naye alisema hivyo. Jana mchana nilimpelekea chai, akanitania, nikacheka. Kikombe kikamponyoka.

"Nani kakufungulia mlango?"

"Baba, ni mimi, kitinda mimba wako."

Hakunisikia. Aliyakodolea macho meno yangu, akajivuta hadi ukutani.

"Nilikufukia mwenyewe," akasema polepole, kama anayembembeleza mtoto. "Kwa mikono hii. Umetokaje?"

Dada, mimi mama simkumbuki, na picha zake baba alizichoma zote. Wewe unamkumbuka. Meno yake yalikuwaje? Na ile asubuhi mlipoambiwa katutoroka, yupo aliyemwona akitoka?

Sasa baba ametulia, anaomba chai kama kawaida. Nampelekea nikiwa nimefumba mdomo, naye ananitazama, ananiambia kwa upole, "Cheka kidogo, nikuone."

Njoo, dada. Usimwambie kama unakuja.

Mdogo wako