Nane Iliyokuwa Tatu

Jumapili, baada ya swala ya alfajiri

Kosa la wengi wanaokuja kutembea huku ni kumaliza asubuhi nzima kwenye magofu ya Gede bila kuuliza maji ya hori la Mida yanajaa saa ngapi. Wakifika Dabaso, ukingoni mwa hori, maji yamekwishakupwa. Nimewaeleza wageni ninaowatembeza jambo hili miaka mingi.

Jana nililifanya kosa hilo mwenyewe.

Niliwatembeza walimu wenzangu wastaafu kutoka Mambrui. Nikawaeleza msikiti wa kale, nikawaeleza visima, bila haraka yoyote, kwa sababu karatasi niliyoandikiwa na mvuvi ilisema maji yanajaa saa nane. Saa nane tulisimama kwenye daraja la mbao katikati ya mikoko, tukitazama tope na kaa.

"Mwalimu," akasema Bi Saida, mmoja wao, "bahari yako imekwenda Mambrui kututafuta?"

Walicheka, nami nikacheka. Kisha akaichukua ile karatasi.

"Hii si nane, kaka. Ni tatu."

Nimeitazama tena sasa hivi, chini ya taa. Bado naona nane.

Tangu Ramadhani binti yangu Mwanaisha ananiuliza habari ya jicho hili, nami namjibu ni vumbi. Na Alhamisi nitawapitisha watoto wa shule kwenye daraja lile linaloyumba. Mimi ndiye wa kutangulia, niwaambie wakanyage wapi, na kama mimi mwenyewe...

Sikulala vizuri. Nimejipangia maelezo marefu ya kumpa Mwanaisha, kama ilivyo kawaida yangu. Hayahitajiki.

Akileta chai, Mwalimu, mwambie huoni.